Riale 25 kwa Kichwa

Mtu aliyeagiza gari kutoka Japani haendi bandarini Dar es Salaam kulichukua, anakwenda kuligomboa. Kati yake na gari hilo kuna ushuru, kuna tozo za bandari, kuna wakala wa forodha na bahasha yake ya karatasi, na mpaka madai hayo yaishe gari ni lake kwa jina tu. Kugomboa ni ndugu wa kukomboa, na maneno yote mawili yana maana ileile ya msingi: kulipa kinachodaiwa ili kitu kilichozuiwa kitoke. Saa iliyowekwa rehani hukombolewa. Shamba lililoshikwa na mkopeshaji hukombolewa. Halafu ikifika Jumapili neno hilo linapanda madhabahuni, linaongezwa kiambishi, linakuwa Mkombozi, na waumini wanaliimba bila hata mmoja wao kukumbuka wakala wa forodha.

Wahubiri wetu wanasifika kwa kuokota mafunzo ya imani katika mambo ya kila siku. Mmoja atachukua chaji ya simu, mwingine mkaa unaozimika ukitengwa na jiko, mwingine nauli ya daladala, na kila kimoja atakigeuza kuwa fundisho. Tumezoea kudhani kwamba katika kazi hiyo fundisho hutangulia na mfano hufuata, yaani imani ilikwisha kukamilika vitabuni na maisha yanaletwa baadaye kama pambo, au kama sukari ya kumezea dawa. Ninachodai hapa ni kwamba katika Pwani ya Afrika Mashariki mambo hayakwenda hivyo. Moja ya mafundisho makubwa ya Ukristo wa Kiswahili, lile la ukombozi, lilifika ufukweni likakuta maisha ya kila siku yameshalijua, tena kwa uchungu kuliko walivyolijua walioleta vitabu. Waliolisoma vizuri kuliko wote walikuwa watu ambao miili yao yenyewe iliwahi kutajiwa bei.

Turudi katika karne ya 19. Unguja ilikuwa imegeuka kisiwa cha karafuu, na karafuu ilikula watu. Soko la Mkunazini liliuza binadamu waliotoka Nyasa, Uyao na sehemu nyingine nyingi za bara, na kutoka hapo na bandari nyingine majahazi yalipeleka wengine Pemba, Malindi, Arabuni na Ghuba. Katika ulimwengu huo cheo cha mtu kilisemwa kwa neno moja. Alikuwako mwungwana, alikuwako mtumwa, alikuwako mzalia aliyezaliwa nyumbani mwa bwana, alikuwako mahuru aliyeachwa huru lakini bado akawa chini ya kivuli cha aliyemwacha. Utumwa wenyewe haukuwa wa minyororo pekee. Njaa ilipoingia nyuma ya Mombasa, kama ile kali ya katikati ya miaka ya 1880, familia za Wamijikenda ziliweka watoto na jamaa rehani kwa wenye nafaka, kwa nia ya kuwakomboa mvua zikirudi. Wengine walikombolewa. Wengine walichelewa kukombolewa, wakapandishwa jahazi. Kwa hiyo kitenzi kukomboa kilikuwa kazi ya nyumbani kama kuteka maji: mama alijua ni pishi ngapi za mahindi zinamtenga na mwanawe.

Watafsiri wa kwanza waliyakuta maneno haya yakitumika, wakayaokota. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akahamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann mwaka 1846, na kazi yake ya miaka mingi ndiyo iliyozaa kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa 1882. Edward Steere alifika Unguja na Askofu Tozer mwaka 1864, akatoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, akalifikisha Agano Jipya mwisho wake kabla ya kufa mwaka 1882, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka 1891. Hawakufanya kazi hiyo peke yao. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, kadhi na mwanachuoni mkubwa wa Unguja, ni miongoni mwa Waislamu waliomsaidia Steere kupata Kiswahili cha kueleweka na cha heshima. Ukikitazama Kiswahili hicho kwa makini utaona jinsi kilivyosheheni maisha ya mji wenye watumwa. Mtume na mtumwa ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Kinachowatenganisha ni nani anatuma na kama aliyetumwa anaweza kukataa. Paulo anapojiita mtumwa wa Kristo, neno lililotumika kumtafsiri ni lilelile lililoitwa sokoni. Na Bwana, jina tunalolitaja leo kwa unyenyekevu, lilikuwa jina la mwenye shamba la karafuu.

Hapa kuna pingamizi la haraka. Atasema mtu kwamba maneno mengi ya imani ya Kikristo katika Kiswahili yalitoka katika Uislamu: toba, rehema, neema, sadaka, fidia, kafara. Kama ni hivyo, mafunzo yametoka katika dini iliyotangulia, si katika maisha ya kila siku. Pingamizi hili ni la kweli kwa nusu, na nusu hiyo inaniunga mkono. Katika sheria ya Kiislamu kumwacha mtumwa huru ni ibada, na pia ni kafara ya makosa fulani, kama kuvunja kiapo. Bwana aliyeona kifo kinakaribia mara nyingi alitamka uhuru wa watumwa wake kwa ajili ya Mungu. Maana yake ni kwamba Waswahili walikuwa wamezoea kuona mlango wa mbinguni na mlango wa utumwani ikifunguliwa kwa ufunguo mmoja, kabla mmishenari hajatia nanga. Lakini huko aliyenufaika rohoni alikuwa hasa bwana, maana thawabu ilikuwa yake. Mafundisho ya Kikristo, yalipotumia maneno yaleyale, yalimweka msikilizaji katika kiti cha mtumwa na kumwambia kwamba habari yote inamhusu yeye. Neno halikubadilika, aliyekaa ndani yake alibadilika. Na ni wazi ni nani angekiona kiti hicho si kigeni.

Kiswahili cha kanisa kina majina mawili yanayokaribiana, Mwokozi na Mkombozi, na mara nyingi tunayatumia kana kwamba ni moja. Historia inayatenga. Kuokoa hakuhitaji malipo: anayezama huokolewa, aliye katika moto huokolewa. Kukomboa kunahitaji mtu anayedai na mtu anayelipa. Pwani watu walijua njia zote mbili. Baada ya mkataba wa Juni 1873, ambao Sultani Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Uingereza na uliofunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini, manowari za Kiingereza zilizidisha doria. Kuanzia 1874 manowari kuukuu HMS London ilitia nanga bandari ya Unguja, na mashua zake zilikimbiza majahazi. Waliotolewa humo hawakulipiwa hata pesa. Walitwaliwa kwa nguvu, wakapelekwa kwenye misheni: Mbweni na Kiungani huko Unguja, na Frere Town ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iliyoanza mwaka 1875. Wenyeji waliwaita mateka, na jina hilo liliwaganda hata wajukuu. Hawa waliokolewa. Kule Bagamoyo hali ilikuwa nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao hapo mwaka 1868, walinunua watoto kwa fedha taslimu, kwa kiasi kikubwa michango ya Wakatoliki wa Ulaya, na kuwalea katika makazi yao. Hawa walikombolewa kwa maana kamili ya neno: palikuwa na mwuzaji, palikuwa na bei, fedha ilihesabiwa mezani. Sidai kwamba mtoto wa Bagamoyo na mtoto wa Mbweni walikaa chini wakajadili tofauti ya vitenzi. Ninachosema ni kwamba mwalimu wa dini aliyetamka maneno hayo mbele yao hakuhitaji kutafuta mfano. Mfano ulikuwa umekaa kwenye benchi unamtazama.

Ushahidi mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, uko Rabai. Kwa miaka thelathini tangu Krapf, kituo hicho kilikuwa kimevuta watu wachache mno. Wamijikenda walikisikiliza kwa adabu wakarudi kwenye kaya zao. Kilichokijaza ni watoro. Katika miaka ya 1870 na 1880 watumwa wa mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi walianza kutoroka kwa wingi. Wengine walijenga vijiji vyao vya msituni, na wengine walikwenda mahali palipokuwa na kitabu na kengele. Huko Fuladoyo, ndani ya nchi ya Wagiriama, kijiji kizima cha watoro kiliomba kufundishwa dini, kikiongozwa na Mgiriama David Koi, ambaye aliuawa na watu wa upande wa wenye watumwa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Utumwa ulikuwa bado halali katika milki ya Sultani, na wakubwa wa misheni, wakiogopa vita na lawama za balozi wa Uingereza, walikuwa wamekataza watoro wasipokewe. Katazo hilo halikushika. Huko Rabai kiongozi wa karibu zaidi na watu alikuwa William Jones, mtu aliyetekwa utotoni, akatolewa mikononi mwa wafanyabiashara, akalelewa na misheni huko India, akarudi Mombasa mwaka 1864 na kupewa ushemasi mwaka 1885. Kumwambia mtu wa namna hiyo amfukuze mtoro kwa kuwa sheria ni sheria ni sawa na kumwambia akane maisha yake mwenyewe.

Mwaka 1888 mambo yakachemka. Wenye watumwa wa Mombasa walijua watu wao wako wapi, wakatishia kuzivamia misheni. Kampuni ya Imperial British East Africa ndiyo kwanza ilikuwa inaingia, na mkuu wake George Mackenzie hakutaka kuanza biashara juu ya damu. Akapatana na wenye watumwa: kila mtoro atalipiwa riale 25, na mwenyewe ataacha madai. Waliohesabiwa katika misheni za Rabai na jirani zake walizidi 1,400. Siku ya kwanza ya Januari 1889 walikusanyika Rabai, majina yakaitwa, na kila mmoja akapewa hati ya uhuru. Tujaribu kuipima siku hiyo kwa akili ya waliokuwapo. Wengi wao walikuwa wamekaa miaka kadhaa wakifundishwa kwamba wapo watu waliolipiwa bei wasiyoweza kuilipa, na mtu ambaye hawakuwa na haki ya kumdai chochote. Sasa wanasimama kwenye jua wanasikia jina lao likitajwa, na nyuma ya jina hilo kuna fedha iliyotoka na kufika. Sijui mahubiri gani yangeongeza kitu hapo. Kama kuna siku ambayo fundisho na maisha vilisomana neno kwa neno katika nchi hizi, ni hiyo.

Hata hivyo somo hilo lilikuwa na mwiba, na mwiba huo ndio unaonionyesha kwamba watu hawa walikuwa wanafunzi wa kweli wa jambo lenyewe. Fedha ilikwenda kwa nani? Ilikwenda kwa wenye watumwa. Aliyeonewa hakupata riale hata moja. Aliyeonea alijaza mfuko. Mtu wa Rabai angeweza kukubali kwamba amekombolewa na papo hapo akauliza kwa nini mwizi alipwe ili arudishe alichoiba. Swali hilo lina umri mkubwa ndani ya Ukristo. Katika karne ya 3 Origen wa Aleksandria alifundisha kwamba fidia ya Kristo alilipwa shetani, kwa kuwa yeye ndiye aliyewashika wanadamu mateka. Katika karne ya 4 Gregory wa Nazianzus aliikataa fikra hiyo kwa hasira, akiona ni aibu kumfikiria mnyang'anyi akipokea malipo makubwa namna hiyo. Na mwaka 1098 Anselm wa Canterbury alimaliza kitabu kilichohamisha deni lote: anayedai ni Mungu mwenyewe ambaye heshima yake imevunjwa. Wanafunzi wa vyuo vya teolojia husoma mabishano haya kwa ajili ya mtihani. Pwani ya 1889 iliyakuta uwanjani, yana tarehe na yana risiti. Anselm aliandika akiwa na ulimwengu wa mabwana na heshima zao machoni pake. Mtoro alikuwa na daftari la Mackenzie. Ukiniuliza ni nani kati yao aliyekuwa karibu zaidi na neno fidia kama lilivyotumika katika masoko ya dunia ya kale, dunia ya Warumi iliyonunua na kuuza watu kila siku, sitasita kujibu.

Mtu makini anaweza kusema kwamba nimechagua mfano unaonifaa. Labda kilichofanya kazi Rabai ni usalama wa kuta za misheni na shamba la kulima. Fundisho lilikuwa nauli ya kuingilia. Sina haja ya kukana kwamba watoro walifuata usalama. Binadamu gani asingeufuata? Lakini tulinganishe na jaribio lingine la wakati huohuo na mahali hapohapo. William Taylor wa misheni ya Kiingereza alikaa Mombasa katika miaka ya 1880 na 1890 na akakijua Kiswahili kuliko takriban Mzungu yeyote wa zama zake. Alifanya kazi na Mwalimu Sikujua wa Mombasa katika kukusanya na kufafanua tungo za zamani, na mwaka 1891 akachapisha mkusanyo mkubwa wa methali. Alivaa kanzu, akasimama hadharani, akahubiri kwa methali, kwa mashairi, kwa mafumbo ya mjini, yaani kwa maisha ya kila siku ya Mswahili yaliyochujwa vizuri. Waungwana walimsikiliza, walikitambua Kiswahili chake, na karibu hakuna aliyemfuata. Kwa kipimo cha ufundi wa kuunganisha dini na mambo ya kawaida, Taylor alikuwa bingwa na mwalimu wa kawaida wa Rabai alikuwa mwanagenzi. Mavuno yalikuwa kinyume. Sababu haikuwa kiburi cha mji pekee, wala uzito wa Uislamu pekee, ingawa vyote vilikuwapo. Mwungwana wa Mombasa hakuwa na deni ambalo habari ya ukombozi ingelifuta. Katika masimulizi hayo yeye alikuwa upande wa anayedai. Methali ilimpa ladha ya fundisho bila kumpa nafasi ndani yake. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba kazi ya mhubiri ni kutafuta mfano mzuri. Mfano mzuri unaburudisha hata asiyehusika.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni lingine. Waliookolewa na kukombolewa, je, walikuwa huru? Mwanahistoria Paul Kollman, katika kitabu chake cha 2005 juu ya watumwa na mwanzo wa Ukatoliki Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi watoto wa Bagamoyo walivyopangiwa saa za kazi, mahali pa kuishi na hata hatua za kuoa, na jinsi mapadre walivyoshangaa na kuudhika baadhi yao walipoondoka. Frere Town nayo ilichapa watu viboko na kuwafunga, mpaka mwaka 1881 maofisa wa ubalozi wa Uingereza wakalazimika kuja kuchunguza vitendo vya msimamizi mlei wa kituo. Kisha kuna himaya. James Mbotela, mwana wa familia iliyotolewa kwenye jahazi na kuwekwa Frere Town, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa shuleni miaka mingi. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwashukuru Waingereza kupita kiasi, mpaka msomaji anashindwa kujua manowari inaishia wapi na Mwokozi anaanzia wapi. Kwa mtazamo huu somo lililookotwa katika maisha ya kila siku lilikuwa somo bovu: lilimfundisha aliyekombolewa kumwabudu mlipaji aliye karibu.

Nakubali mashtaka yote. Hukumu ndiyo siikubali. Ni kweli kwamba mafunzo yanayochotwa katika maisha huchota na tope. Lakini tazama kilichofuata. Watu waliofundishwa kwa neno kukomboa walikuwa wamepewa, pasipo walimu kukusudia, kipimo cha kuwapimia walimu. Aliyejua tofauti ya mtumwa, mahuru na mwungwana kwa uzoefu wa mgongo wake hangeweza kudanganyika kwa muda mrefu kwamba kengele ya kazi ya misheni na kengele ya shamba ni sauti mbili tofauti ikiwa zote zinafuatiwa na kiboko. Wale walioondoka Bagamoyo hawakuwa wamekosa kulielewa fundisho. Nathubutu kusema walilielewa mpaka mwisho. Hata shukrani ya Mbotela ina maana nyingine ukiisoma taratibu: anayeweza kuandika habari ya kutekwa kwa wazee wake kwa Kiswahili chake mwenyewe, na kuiita habari ya uhuru, amekataa jina la mateka alilopewa na majirani. Na miongoni mwa vijana watano ambao Sultani Majid alimkabidhi Tozer mwaka 1864, wametolewa jahazini, alikuwamo aliyekuja kuitwa John Swedi. Mwaka 1879 Steere alimpa ushemasi, wa kwanza kwa Mwafrika katika misheni ile. Mtumwa alikuwa amevuka kuelekea upande wa mtume, kwa kitenzi kilekile.

Limebaki la bara. Wanyamwezi, Wachaga, Wahaya, Waluo na wengine walipokea Biblia ya Kiswahili, au mafundisho yaliyopita katika Kiswahili, na wengi wao hawakuwahi kuiona Mkunazini. Je, kwao Mkombozi hakubaki neno tupu? Kwa muda, pengine ndiyo, na hapo ndipo mahubiri ya mifano ya kuazima yalipostawi. Lakini lugha haikai na neno tupu, hulitafutia kazi. Utumwa ulipokoma kisheria, Unguja mwaka 1897, Pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922, kodi ya kichwa na kazi ya shuruti vilikuwa vimeshalipatia neno hilo wateja wapya. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoiweka Dar es Salaam ofisi ya Kamati ya Ukombozi, jina hilo halikuhitaji maelezo kwa mkulima wa Songea au Tabora, kwa sababu kanisa lilikuwa limemtunzia. Wapigania uhuru walilichukua kanisani bila kuomba ruhusa, kama kanisa lilivyolichukua sokoni. Neno mtumwa, kwa upande wake, limepungua nguvu mimbarani: wahubiri wa leo wanajiita watumishi, neno lenye harufu ya ofisi na mshahara, na sioni kama tumefaidika na mabadiliko hayo. Na mwaka 2009 ilianzishwa Dar es Salaam benki ya biashara iliyotokana na Kanisa Katoliki, ikaitwa Mkombozi. Wapo waliotabasamu kusikia mkopeshaji akiitwa hivyo. Mimi naona neno limefuata njia yake ya kurudi kwenye rehani, mahali lilipokuwa kabla ya Krapf.

Frere Town yenyewe imemezwa na mji. Kwenye njia panda ya barabara kuu ya kwenda Nyali na Malindi umebaki mnara mdogo wa mawe wenye kengele. Kengele hiyo iliwekwa ili wakaaji waonywe wenye watumwa wakija kuwachukua kwa nguvu, na wale walioikimbilia usiku kwa hofu ndio waliokwenda asubuhi kusali. Leo mtaa unaitwa Kengeleni. Makondakta wa matatu wanalitaja jina hilo tangu alfajiri, wanapokea nauli, wanarudisha chenji, na abiria wanashuka chini ya mnara wakiwahi kazini.